Uzamivu katika utafiti wa ulemavu, afya na ushiriki: Sweden, London, Cape Town au nyumbani?

Mtu anayeamua kusomea uzamivu katika utafiti wa ulemavu, afya na ushiriki huwa tayari ana kazi mikononi: ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa, mwalimu wa elimu maalumu, mhadhiri msaidizi anayebanwa na kanuni za kupandishwa cheo, au mtakwimu aliyekusanya data za watu wengine mpaka akapata hamu ya kuwa na utafiti wake. Swali analoanza nalo kwa kawaida ni chuo gani kina jina. Kwa fani hii naona swali hilo huulizwa mapema mno. Njia nne zilizo wazi kwa msomaji wa Afrika Mashariki, yaani nafasi ya ajira nchini Sweden, uzamivu wa London, uzamivu wa Cape Town na uzamivu wa nyumbani, hazitofautiani kwa ubora peke yake. Zinatofautiana zaidi katika mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye orodha za vyuo bora, nayo ni nani atakulisha mwaka wa nne, na nani atakuwa karibu nawe wa kukuuliza kama kipimo unachotumia kinapima kweli maisha ya watu unaowaandika.

Jambo hili la kipimo halina budi kutangulia, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha Uainishaji wa Kimataifa wa Utendaji, Ulemavu na Afya, unaofahamika kwa kifupi kama ICF, na humo ushiriki umeelezwa kuwa ni mtu kuhusika katika hali ya maisha. Shughuli na ushiriki vimewekwa pamoja katika orodha moja yenye sura 9, kuanzia kujifunza hadi maisha ya jamii na uraia, na wataalamu wanabishana hadi leo ni wapi shughuli inaishia na ushiriki unaanzia. Kiswahili nacho kina ubishi wake, ambao mwenye kutafsiri dodoso hukutana nao asubuhi ya kwanza: kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe, kushirikishwa ni jambo analotendewa. Ukimuuliza mama kama mwanawe anashirikishwa katika shughuli za ukoo, atakujibu kuhusu wema au ukavu wa mashemeji zake; ukimuuliza kama anashiriki, atakujibu kuhusu mtoto. Sera zetu zimezoea neno "ushirikishwaji", na mtafiti anayelichukua bila kufikiri huweza kurudi kutoka uwandani akiwa na data za swali ambalo hakukusudia kuliuliza.

Tuseme ni siku ya harusi. Binti wa miaka 12 mwenye mtindio wa ubongo amevalishwa gauni sare na binamu zake, ameketishwa kwenye kiti kibarazani karibu na mlango wa jikoni, na kila mgeni anayeingia anamsalimu mama yake. Sahani ya pilau inamfikia. Ngoma inapoanza uani na wenzake wakaitwa, hakuna anayekisogeza kile kiti. Dodoso linalouliza kama mtoto huhudhuria sherehe za familia litampa alama zote, maana amehudhuria. Watafiti wa ushiriki wa watoto, wakiwamo wa kundi la CHILD la Chuo Kikuu cha Jönköping nchini Sweden, wameyatenganisha mambo haya mawili: kuwapo mahali, na kujihusisha na kinachoendelea ukiwa mahali hapo. Anayetaka kuandika kuhusu kile kiti kilichobaki kibarazani, basi, ana sababu ya kitaaluma ya kuitazama Sweden kabla hata hajauliza habari za pesa.

Pesa nazo zinaisaidia Sweden. Mwanafunzi wa uzamivu huko kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo: nafasi hutangazwa kama kazi, watu huomba na kusailiwa, na anayepata hulipwa mshahara wa takribani kroni 30,000 au zaidi kidogo kwa mwezi kabla ya kodi, wala hatozwi ada. Masomo yamepangwa kwa miaka 4 ya kazi kamili, yaani alama 240 za masomo, na chuo kinaweza kumpa hadi asilimia 20 ya kufundisha au kazi nyingine za idara, ambapo muda husogea hadi miaka 5. Akiugua au akijifungua, muda wa likizo huongezwa mwishoni badala ya kukatwa kwenye utafiti. Kwa mama mwenye watoto wadogo, kifungu hiki kimoja kina uzito kuliko sifa zote za maabara na maktaba. Kuna pia shahada ya katikati, ya alama 120, ambayo mtu anaweza kuishia hapo endapo maisha yamegeuka, na akaondoka na cheti badala ya aibu.

Tasnifu ya Sweden katika fani za afya kwa kawaida ni mkusanyiko wa makala, mara nyingi 4, zinazofungwa pamoja na sura ndefu ya utangulizi inayozishona. Faida yake ni kwamba unamaliza ukiwa umechapisha. Hasara yake, na hii hutajwa kwa nadra, ni kwamba swali lako linakatwakatwa vipande vinavyotosha jarida, na jambo lisilokatika vizuri, kama vile historia ya familia moja kwa miaka mitatu, hubaki nje. Zaidi ya hayo, nafasi nyingi hutangazwa ndani ya mradi uliokwisha kupata fedha, kwa hiyo unaajiriwa kujibu swali la msimamizi. Ukitaka kuleta lako la Mbagala au la Kwale, itabidi uliingize kwa ustadi kama makala ya tatu au ya nne. Utetezi hufanyika hadharani mbele ya mpinzani aliyealikwa kutoka nje na kamati ya watu 3 au 5, na majuma kama matatu kabla ya siku hiyo tasnifu hupigiliwa ukutani kwa msumari halisi ili anayetaka aisome. Ushirikiano wa vyuo vikuu vya Linköping na Örebro ulianzisha mwaka 2000 taasisi ya pamoja ya utafiti wa ulemavu, ambapo ulemavu husomwa kama fani inayojitegemea, na mwanasaikolojia, mhandisi wa vifaa saidizi na mtafiti wa sera hulazimika kuelewana mezani. Anayetoka katika idara ambayo utengamao, yaani huduma za kumrejeshea mtu uwezo wake, ni tawi dogo la upasuaji wa mifupa ataona tofauti hiyo siku ya kwanza.

London ni habari nyingine. Katika London School of Hygiene and Tropical Medicine kuna Kituo cha Kimataifa cha Ushahidi kuhusu Ulemavu, kilichoanzishwa mwaka 2010, na nguvu yake iko kwenye hesabu: ni wangapi, wanaishi wapi, wanakosa huduma gani, na je, afua fulani ilibadilisha chochote. Haya si mambo madogo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilitaja asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi kuwa na ulemavu, ilhali sensa ya Tanzania ya 2022 ilitaja asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na zaidi. Hakuna anayeamini kwamba kuvuka mpaka wa Namanga huzidisha ulemavu mara tano. Huwezi kuzilinganisha tarakimu hizo kabla ya kujua maswali yaliulizwaje na mstari ulichorwa wapi. Kundi la Washington, lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, lina maswali mafupi 6 kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, kila moja likiwa na majibu manne kuanzia "hakuna shida" hadi "hawezi kabisa", na kwa kawaida anayehesabiwa ni yule aliyejibu angalau "shida kubwa". Karani akilitamka neno "kubwa" kwa upole, mzee anayejikongoja na fimbo atasema shida yake ni ya kawaida tu, kwa kuwa wenzake wote wa rika lake wanajikongoja. Anayetaka kutumia miaka yake kwenye tatizo la namna hii, London ndiyo inayomfaa kuliko zote nne.

Gharama lakini! Ada ya mwanafunzi wa nje ni zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka, na tangu Februari 2024 tozo ya huduma za afya inayolipwa pamoja na viza ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na kiasi hicho hicho kwa kila anayemfuata kama mtegemezi. Bila ufadhili, njia hii tuiache. Ufadhili wa uzamivu wa Jumuiya ya Madola umekuwa ukielekezwa kwa nchi zenye maendeleo duni zaidi na zile zenye mazingira tete, kwa hiyo Mtanzania au Mganda huwa na mlango ambao Mkenya, kwa kuwa nchi yake haimo katika orodha hiyo ya Umoja wa Mataifa, hana budi kuangalia kwa makini kama uko wazi kwake kabla hajapoteza mwezi akiandika maombi. Kutahiniwa nako ni kwa faragha: chumba, watahini wawili, wewe na tasnifu yako, na saa kadhaa za maswali. Wapo wanaolipenda hilo.

Uingereza haikosi fikra pia. Mwaka 1976 wanaharakati wenye ulemavu wa viungo waliandika kwamba jamii ndiyo inayowalemaza watu wenye hitilafu za mwili, na kutoka hapo likakua wazo la mtazamo wa kijamii wa ulemavu, ambalo Chuo Kikuu cha Leeds kilikuja kulifanyia kazi kwa miaka mingi. Msomaji wa Kiswahili ataligundua tatizo upesi: lugha yetu hutumia neno moja, ulemavu, kwa hitilafu ya mwili na kwa kizuizi cha jamii, na hoja nzima ya wale wanaharakati ilisimama juu ya kuyatenganisha hayo mawili. Tasnifu inayoandikwa kwa Kiingereza kutokana na mahojiano ya Kiswahili lazima iseme mahali fulani ni ulemavu upi mhojiwa alikuwa akiusema, na msimamizi asiyejua Kiswahili hawezi kukusaidia hapo.

Cape Town inapendeza kwa sababu inakaribia hapo. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kitengo cha Taaluma za Ulemavu ndani ya kitivo cha sayansi za afya, na uzamivu wake ni wa tasnifu, bila mlolongo wa kozi. Stellenbosch, mwendo mfupi kutoka hapo, ndiko ulikoanzishwa mwaka 2007 mtandao wa AfriNEAD unaowakutanisha watafiti wa ulemavu wa Afrika na watu wenye ulemavu wenyewe, na tangu 2012 lipo jarida la African Journal of Disability, linalosomwa bure. Hii ina maana kwamba wenzako wa darasani na watakaozipitia makala zako wana uwezekano mkubwa wa kujua maana ya kliniki isiyo na kiti mwendo hata kimoja cha mtoto, na hutatumia kurasa kumi kulieleza hilo. Cape Town watahini kutoka nje ya chuo husoma tasnifu na kuandika ripoti, na kwa kawaida huitwi kuitetea ana kwa ana. Mtu mwoga wa kusimama mbele ya watu hulipokea hilo kwa furaha, ingawa mimi naona ni hasara, kwa sababu utetezi ni mahali pekee ambapo mtu aliyesoma kila neno lako analazimika kukusikiliza.

Kuhusu ada ya Afrika Kusini, uraia una neno. Itifaki ya elimu ya SADC ya mwaka 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe kama wenyeji, hivyo Mtanzania na Mkongo wa DRC hulipa ada ya mafunzo ya mwenyeji pamoja na tozo za wageni, lakini Mkenya, Mganda na Mnyarwanda hawamo. Bima ya afya iliyosajiliwa huko ni sharti la viza. Kisichokuwapo Cape Town ni mshahara. Ufadhili hutafutwa kipande kwa kipande, na wengi humalizia tasnifu wakiwa wamerudi kazini, usiku, baada ya zamu.

Hapo ndipo watu husema, basi nibaki nyumbani. Kubaki nyumbani kusionekane kama njia ya aliyekosa. Muhimbili, KCMC kule Moshi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kenyatta, Makerere na Kyambogo vina watu waliofanya kazi na watoto hawa kwa miongo, na Moshi peke yake ina kituo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Unabaki karibu na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, au UWZ, umoja wao kwa aliye Zanzibar; unabaki karibu na chama cha wazazi wa watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa; na mhojiwa uliyemwona Machi unaweza kumrudia Oktoba kwa nauli ya daladala. Kwa utafiti wa ushiriki ukaribu huu ni sehemu ya mbinu yenyewe, kwa kuwa kile kiti cha kibarazani hukioni katika ziara moja ya kukusanya data.

Ugumu wa nyumbani ni muda. Mhadhiri anayesoma katika chuo chake mwenyewe huendelea kupangiwa vipindi, kusahihisha mitihani na kukaa kwenye kamati ya mahafali, na msimamizi wake, ambaye ndiye mwenye cheo cha juu pekee katika idara, ana wanafunzi tisa wengine. Sura inaweza kukaa mezani miezi minne. Dawa mojawapo ni CARTA, muungano ulioanzishwa mwaka 2008 kwa uongozi wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambao umekuwa ukiwachukua wafanyakazi wa vyuo na taasisi wanachama waliosajiliwa uzamivu na kuwapitisha katika semina nne za pamoja zinazofuata hatua za utafiti. Asiye mfanyakazi wa taasisi mwanachama hakidhi masharti, kwa hiyo angalia hilo mwanzo, na kama makundi mapya bado yanapokelewa.

Vibali navyo vinagawanyika kwa namna ambayo wengi huigundua wamechelewa. Ukiwa Sweden au London na data yako iko Tanga, utahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na, ukiingia kama mtafiti wa taasisi ya kigeni, kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pia. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume yake ya sayansi, na Zanzibar ina utaratibu wake kupitia ZAHRI, taasisi yake ya utafiti wa afya. Data ikitoka Tanzania kwenda nje huambatana na mkataba wa kuihamisha. Mwanafunzi wa nyumbani ana safari fupi zaidi. Katika mkataba wa miaka 4, miezi sita ya kusubiri barua ni hasara ya kweli, kwa hiyo wa ughaibuni aanze kuandika maombi hayo kabla hajafungasha sanduku.

Mwili wako mwenyewe nao uingie kwenye hesabu, hasa ikiwa wewe ni mtu mwenye ulemavu, jambo ambalo miongozo ya ufadhili hulitaja kwa sentensi moja ya heshima na kuendelea. Mtumiaji wa kiti mwendo atayakuta majengo ya Sweden yanafikika, na theluji ya Januari haifikiki. London ina mabasi yenye njia ya kupandia, lakini vituo vingi vya treni za chini ya ardhi havina lifti. Kitivo cha afya cha Cape Town kipo Observatory, karibu na hospitali ya Groote Schuur, chini ya mteremko mkali wa kampasi kuu. Dar es Salaam, mwendokasi ulioanza mwaka 2016 una vituo vilivyo sawa na sakafu ya basi. Ukishuka hapo ukahitaji bodaboda kumalizia safari, ni wewe na dereva na kiti chako mapajani. Kwa kiziwi uamuzi ni mzito kuliko huo, kwa sababu lugha za alama haziko sawa baina ya nchi: mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania hapatikani Jönköping, na Afrika Kusini, iliyoifanya lugha yake ya alama kuwa lugha rasmi ya 12 mwaka 2023, ina lugha nyingine ambayo itabidi aijifunze. Swali la nani atalipa mkalimani wa semina za kila wiki liulizwe kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi.

Nikiulizwa nimshauri nani aende wapi, nasema hivi. Aliye chini ya miaka 35, asiye na mzigo wa familia au aliye tayari kuhama nayo, na ambaye hana swali lililomng'ang'ania, aombe Sweden, na aombe mara nyingi, kwa maana nafasi moja huombwa na watu wengi. Mtakwimu aende London endapo tu barua ya ufadhili iko mkononi. Mtanzania au Mkongo mwenye swali lake mwenyewe, hasa la historia, sera au simulizi za maisha zinazohitaji kitabu kimoja kirefu, atatulia zaidi Cape Town kuliko mahali popote. Mhadhiri mwenye ajira ya kudumu, mwenye shamba la data alilolilima kwa miaka kumi na watoto shuleni, abaki, lakini asisaini usajili mpaka idara imempunguzia vipindi kwa barua, si kwa ahadi ya mdomo kwenye korido.

Ipo pia njia ya tano ambayo ni mchanganyiko: kusajiliwa nyumbani na kukaa miezi kadhaa kila mwaka kwenye chuo cha nje, chini ya wasimamizi wawili. Ushirikiano wa Sweden na vyuo vya Dar es Salaam na Makerere ulilea wasomi wengi kwa utaratibu huo, na ufadhili wa Madola wa kugawa muda ulikuwa na sura inayofanana nao. Kwa fani hii ndio ningeuchagua mimi ukipatikana, kwa masharti mawili yanayoandikwa mapema. La kwanza ni kwamba mmoja wa wasimamizi hao wawili, si mkalimani wala msaidizi wa utafiti, anasoma Kiswahili cha mahojiano yako kabla hakijatafsiriwa. La pili ni kwamba rekodi za akina mama uliowahoji zinahifadhiwa hapa nyumbani, na chuo cha nje ndicho kinachoomba ruhusa ya kuzitumia.